MASURUFU YA MSAFIRI: ELIMU YA KUHIFADHI NA KUPATA FEDHA UGENINI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

 

Kila mwaka baadhi ya wazee wetu hufunga safari ya Hija au Umra, na baadhi ya vijana wanaomaliza madrasa huondoka kwenda kusoma Madina, Cairo na kwingineko. Darasani tunawafundisha nguzo za Hija, adabu za msafiri na sala ya kupunguza. Lakini lipo jambo moja ambalo watu hulikumbuka wakiwa tayari uwanja wa ndege: fedha. Itabebwa vipi? Itabadilishwa wapi? Ikipotea, nyingine itapatikana vipi? Katika makala hii tutalisoma jambo hilo kwa pande mbili, upande wa sheria yetu na upande wa matumizi ya kila siku, kwani mara nyingi anayekosea upande mmoja huumia na wa pili.

1. KUCHUKUA MASURUFU NI AMRI

Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuamrisha katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 197, tuchukue masurufu tunapokwenda Hija, kisha akatukumbusha kwamba masurufu bora kuliko yote ni ucha Mungu. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) sababu ya kushuka kwa aya hiyo. Walikuwapo watu wa Yemen waliokwenda Hija mikono mitupu, wakijihesabu kuwa ni watu wa kutawakali. Walipofika Makka wakawa ombaomba.

Tutazame vizuri fundisho hili. Watu wale hawakulaumiwa kwa ufukara wao. Walilaumiwa kwa kuacha sababu, kisha wakauita uzembe ule kuwa ni imani, na mzigo wao wakawatwika wenzao.

Tawakali ya kweli tunaiona katika Hijra. Mtume (S.A.W.) alitoka Makka hali anawindwa, na hakuna aliyemtegemea Mola wake kuliko yeye. Hata hivyo ngamia walikuwa wametayarishwa mapema, kiongozi wa njia, Abdullah bin Urayqit, alikodiwa kwa ujira, na Abu Bakr (R.A.) alibeba fedha yake, dirham elfu tano au sita kama ilivyopokewa. Basi msafiri anayepanga fedha yake anafuata mwendo huo.

2. MALI ILIYO NYUMBANI SI MALI ILIYO SAFARINI

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Mtu anaweza kuwa na nyumba mbili, duka na akiba benki, lakini akiwa nchi ya watu na mkoba umeibwa, kwa saa ile yeye ni maskini. Wazee wetu walisema: heri kenda shika kuliko kumi nenda uje.

Sheria yetu ilitambua hali hii tangu mwanzo. Katika Sura ya At-Tawba, aya ya 60, Mwenyezi Mungu amewataja watu wa mafungu manane wanaostahiki zaka, na mmoja wao ni msafiri aliyekatikiwa, ibn as-sabil. Wanazuoni wameeleza kwamba huyu hupewa zaka ya kumfikisha kwao hata kama kwao ni tajiri, maadamu hawezi kuifikia mali yake na safari yake si ya maasi. Wametofautiana kama ni lazima atafute kwanza wa kumkopesha.

Mfano wa pili umo katika Hija yenyewe. Mwenye kuhiji kwa tamatui hulazimika kuchinja mnyama. Asiyepata hufunga siku kumi: tatu akiwa Hija na saba arejeapo kwao (Al-Baqara, aya ya 196). Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mtu asiye na fedha ya mnyama pale alipo huhesabiwa kuwa hakupata, ijapokuwa anayo mali nchini kwake. Tazameni jinsi sheria inavyopima: haiulizi unamiliki nini, inauliza unaweza kufikia nini.

Kwa hiyo swali la msafiri lisiwe tu, “Nina kiasi gani?” Ajiulize pia, “Nitakifikia vipi nikiwa huko, na njia hiyo ikifunga nitapita wapi?”

3. WALIOTUTANGULIA

Tusidhani kwamba kupata fedha mbali na kwenu ni jambo lililoanza na kadi za benki. Imepokewa kwamba Abdullah bin Zubeir (R.A.) akiwa Makka alikuwa akipokea dirham za watu, kisha akiwaandikia barua kwa ndugu yake Mus'ab aliyekuwa Iraq, wakazichukue kule. Njia hii iliitwa suftaja. Faida yake ni wazi: msafiri alivuka jangwa na karatasi, wala hakuwa na mfuko wa fedha wa kumvutia mnyang'anyi. Wanazuoni wengine waliichukia kwa kuona ni mkopo unaomletea mkopeshaji manufaa ya usalama wa njia. Wengine, kama Ibn Qudama na Ibn Taymiyya, waliikubali kwa kuwa manufaa yake ni ya pande zote mbili na hayamdhuru yeyote.

Msafiri mashuhuri Nasir Khusraw alikwenda Hija kutoka Misri mwaka 442 Hijria, yaani 1050. Alipofika bandari ya Aydhab, kwenye Bahari ya Shamu, alikwama miezi mitatu akingoja chombo cha kuvukia Jedda. Kilichomwokoa ni kwamba rafiki yake wa Aswan alikuwa amemwandikia wakili wake aliyeko Aydhab ampe Nasir kila atakachohitaji, naye achukue hati ya kuthibitisha. Baadaye, alipofika Basra, aliwaona wafanyabiashara wakiweka mali zao kwa sarafu, yaani mbadilisha fedha, wakapewa hati, na hati hizo zikawa ndizo wanazolipia sokoni. Huo ni mwaka 1051.

Sasa tulinganishe na wakati wetu. Kwa miaka mingi kadi za Visa na Mastercard hazikuwa na kazi nchini Sudan, kwa sababu ya vikwazo vya Marekani vilivyoanza mwaka 1997. Vikwazo vya biashara viliondolewa mwaka 2017. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyesoma Khartoum miaka hiyo alilazimika kubeba fedha taslimu au kutumiwa kwa mkono wa mtu. Kisha ilipozuka vita mjini Khartoum mwezi Aprili 2023, mabenki yalifunga milango, na wanafunzi kutoka nchi zetu walisafirishwa kwa barabara hadi mpaka wa Ethiopia ili warejeshwe makwao. Katika siku kama hizo, fedha kidogo iliyo kibindoni ina thamani kuliko nyingi iliyoandikwa katika daftari la benki.

Fundisho ni lile lile la Aydhab: usiwe na njia moja tu.

4. HUKUMU ZA KUBADILISHA FEDHA

Kubadilisha fedha kwa fedha huitwa sarf, na ina masharti yake. Katika hadithi ya Ubada bin As-Samit (R.A.) iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba dhahabu kwa dhahabu na fedha kwa fedha ni lazima vilingane, na vikabidhiwe hapo hapo. Zikitofautiana jinsi, watu wauziane kwa kiwango wanachotaka, ila makabidhiano yawe mkono kwa mkono. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, iliamua kwamba noti za karatasi zina hukumu ya dhahabu na fedha. Shilingi ni jinsi moja, riyali ni jinsi nyingine, dola ni nyingine.

Kutokana na hayo tunapata mambo matatu ambayo wasafiri wetu huyahitaji.

(a) Haifai kutoa shilingi leo kwa makubaliano ya kupokea riyali Jumamosi. Hiyo ni riba ya kucheleweshana, hata kama bei ni nzuri. Kila mmoja akabidhi chake katika kikao kile kile. Kuingiziwa fedha katika akaunti nako ni kukabidhiwa, kama ilivyoamua Majmaa hiyo hiyo Jedda mwaka 1990.

(b) Kulipa gharama za msafara wa Hija kwa shilingi si sarf, kwani hapo unanunua huduma. Lakini ukimwachia kiongozi wa msafara fedha yako ya matumizi ili akupe riyali ukifika, mfanye kuwa wakili wako: akubadilishie kwa niaba yako, riyali ziwe amana mkononi mwake, na muandikiane.

(c) Ukikopeshwa riyali Makka, deni lako ni riyali. Tuseme umekopa riyali 500 na siku ile riyali moja ni shilingi 700. Mkifika nyumbani, siku ya kulipa, riyali imekuwa shilingi 720. Utalipa riyali 500, au mkiridhiana siku hiyo hiyo utalipa shilingi 360,000, na mlimalize pale pale. Haifai kufunga tangu siku ya kukopa kwamba zitalipwa shilingi 350,000. Asili ya hukumu hii ni hadithi ya Ibn Umar (R.A.), aliyekuwa akiuza ngamia kwa dinari na kupokea dirham, naye Mtume (S.A.W.) akamruhusu kwa bei ya siku ile, maadamu hawaachani hali kuna kitu kimebaki baina yao. Viwango tulivyotaja hapa ni vya mfano tu.

5. NJIA ZA KUBEBA FEDHA LEO

Fedha taslimu. Mwenye kwenda Saudia ajue kwamba riyali imefungamanishwa na dola tangu mwaka 1986 kwa kiwango cha riyali 3.75 kwa dola moja. Dola 1,000 ni riyali 3,750 kwa kiwango rasmi, na duka la kubadilishia fedha litapunguza kidogo kwa ajili ya faida yake. Anayenunua dola kwa shilingi na baadaye riyali kwa dola hupunguziwa mara mbili. Basi aulize kwanza kama riyali zinapatikana hapa hapa, alinganishe bei za maduka mawili au matatu, na ahesabu mwisho wa safari atabaki na ngapi mkononi. Achague noti safi: noti za dola zilizochanika, zilizoandikwa au za matoleo ya zamani hukataliwa au hupewa bei ya chini. Abadilishe katika duka lenye leseni na adai risiti. Aidha, Tanzania na Kenya humtaka msafiri mwenye dola 10,000 au zaidi atoe taarifa forodhani, na nchi anayokwenda ina kiwango chake. Kuficha ni uongo, na fedha inaweza kuzuiliwa.

Kadi ya benki. Makka na Madina mashine za kutolea fedha ni nyingi na maduka mengi hupokea kadi, lakini muuzaji mdogo wa kando ya njia hutaka taslimu. Kabla ya kuondoka, nenda benki ukaulize mambo manne: Je, kadi hii imefunguliwa kutumika nje? Kila ninapotoa nitakatwa ada kiasi gani? Kiwango cha juu kwa siku ni kipi? Nikiipoteza nipige namba ipi kutoka nje? Kama ada hukatwa kwa kila mara unayotoa, ni nafuu kutoa mara chache kiasi cha kutosha kuliko kidogo kidogo kila siku. Na mashine ikikuuliza kama ukatwe kwa riyali au kwa shilingi, chagua riyali, kwani hesabu ya shilingi inayofanywa na mashine ile mara nyingi huwa ghali.

Lipo jambo dogo linalowakwamisha wengi. Malipo mengi hayakamiliki mpaka uandike namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe wa simu kwenye laini yako ya nyumbani. Ukiiacha laini hiyo nyumbani, au haikuunganishwa kupokea ujumbe nje ya nchi, fedha yako utaiona lakini hutaigusa. Iunganishe kabla ya safari, na uijaribu.

Na kadi iwe ile inayokata fedha yako mwenyewe. Kadi ya mkopo yenye sharti la riba kwa mwenye kuchelewa kulipa, Majmaa ya Fiqhi imekataza kuichukua katika kikao cha Riyadh mwaka 2000, hata kama mtu ananuia kulipa mapema.

Kutumiwa kutoka nyumbani. Hii ndiyo suftaja ya zama zetu. Ada wanayotoza ni ujira wa kazi, si riba. Jina la mpokeaji liandikwe kama lilivyo katika pasi yake, herufi kwa herufi, la sivyo atarudishwa dirishani. Ni vizuri msafiri na mtu wake wa nyumbani wakubaliane mapema ni kampuni ipi watakayotumia.

6. KUGAWA NA KUHIFADHI

Kanuni yetu ni fupi: usiweke yote mahali pamoja wala kwa mtu mmoja. Fedha ya siku iwe mfukoni. Akiba ya taslimu iwe katika mkwiji kiunoni, chini ya nguo. Kadi ya pili ibaki kwenye sanduku lililofungwa au kasha la hoteli. Namba ya siri iwe kichwani, isiandikwe kwenye kipande cha karatasi kinacholala na kadi.

Wanaume wakiwa katika ihramu huuliza kama mkwiji unafaa, kwa kuwa umeshonwa. Jawabu ni kwamba unafaa. Imepokewa ruhusa ya himyani, yaani mkanda wa fedha, kutoka kwa Bibi Aisha na Ibn Abbas (R.A.), kwa sababu ya haja ya kulinda masurufu. Katika tawafu na njia za Mina msongamano ni mkubwa, basi mtu aende na fedha ya kumtosha tu.

Tunapenda kusisitiza jambo kwa wanandoa. Imekuwa ada fedha yote na kadi zote kukaa kwa mume. Wakipotezana katika umati, mke hubaki bila nauli ya kurudi hotelini. Mke awe na fedha yake mwenyewe, kadi yake kama anayo, jina la hoteli kwa maandishi, na namba za simu za wenzake. Mali ya mke ni haki yake kisheria, na kuibeba mwenyewe si kumkosea mume heshima.

7. WANAOBAKI NYUMBANI

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa ni dhambi ya kutosha kwa mtu kuwapoteza walio katika malezi yake. Kwa hiyo kabla hujahesabu fedha ya safari, tenga nafaka ya watoto na wazee mpaka siku ya kurudi, na ziada kidogo iwapo ndege itachelewa. Lipa madeni yaliyofika wakati wake, yaliyobaki yaandike pamoja na wasia wako, na mwonyeshe mtu mwaminifu karatasi ilipo.

Mkubaliane pia na familia neno la siri. Matapeli wa simu wameenea, na mama akipata ujumbe kwamba mwanawe ameibiwa ugenini, atume fedha upesi kwa namba hii, moyo humtoka. Asitume mpaka asikie sauti ya mwanawe na lile neno.

8. LIKITOKEA LA KUTOKEA

Ukiibiwa au kupoteza, fuata mpango huu: kwanza piga simu benki kadi ifungwe. Pili, mweleze kiongozi wa msafara au mkuu wa wanafunzi. Tatu, toa taarifa polisi na uchukue hati. Nne, ikiwa pasi nayo imepotea, nenda ubalozi wa nchi yako. Nakala ya pasi na namba za simu za benki ziwe mahali pengine mbali na mkoba. Na ukifikia kusaidiwa, usione haya: haki ya msafiri aliyekatikiwa ameiweka Mola wako. Nasi tulio salama tusimhoji mwenzetu kwa dharau, tukasema, “Si kwenu una maduka?” Maduka hayamfikii pale alipo.

HITIMISHO

Fedha ya safari ni amana. Anayeipanga vizuri huingia katika ibada au masomo yake moyo ukiwa umetulia, hamwombi mtu, tena hubaki na cha kumsaidia aliyekwama. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie wasafiri wetu salama ya kwenda na kurudi, awakubalie Hija wazee wetu, na awape vijana wetu elimu yenye manufaa. Amin.

MASWALI YA ZOEZI

1. Eleza kwa nini tajiri aliyekatikiwa safarini anaweza kupewa zaka.
2. Ali amempa mbadilisha fedha shilingi leo, na ameahidiwa riyali baada ya siku tatu. Taja hukumu yake na njia sahihi ya kufanya.
3. Salma alimkopesha mwenzake riyali 200 Madina. Siku ya kulipa, wamekubaliana zilipwe shilingi, na riyali moja ni shilingi 710. Atalipwa shilingi ngapi?
4. Kaa na wazazi wako, muandike pamoja mpango wa fedha wa safari ya siku 15: njia tatu za kuipata ugenini, na nafaka itakayoachwa nyumbani.

Wabillahi tawfiq.